Akiba ni Ile Inayopikika

Nazungumza nawe uliye Isongole, nanyi mlio Kiwira na Tukuyu mjini, nawe dereva uliyeegesha lori kando ya barabara ya Uyole ukisubiri gunia la mwisho la viazi lipande. Isongole ninayoisema ni hii yetu ya Rungwe, jirani na njia ya kupandia Ziwa Ngozi, si ile ya Ileje iliyo mpakani na Malawi. Ingawa wa kule nao wakitusikiliza hawatapoteza kitu. Mazungumzo ya leo ni ya jikoni. Baba, usizime redio. Mkaa unaununua wewe, na mahindi yakiisha kabla ya wakati wake, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Naanza na jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia. Nyumba ina madebe mawili ya maharage stooni, ina gunia la mahindi, ina karanga kwenye ndoo. Lakini watoto wakirudi shule wanapewa hela wakanunue maandazi barabarani, na jioni wanatumwa tena dukani kuchukua kilo ya sembe na kifungu cha dagaa. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: maharage yataiva saa ngapi? Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Tumezoea kuhesabu akiba kwa madebe na magunia. Mimi nasema tuihesabu kwa sufuria. Chakula usichoweza kukiivisha kwa moto ulio nao na kwa muda ulio nao, hicho bado hakijawa akiba, hata kama kimejaa hadi darini.

Watu wa mbali wakisikia maneno "akiba ya chakula," mawazo yao huenda Dodoma na Singida, kwenye nchi za mvua haba. Rungwe nani anahangaika na akiba? Mvua hatunyimwi, udongo ni wa volkano, viazi vinatoka, kabichi zinatoka, ndizi zinapanda kutoka Kiwira na Tukuyu. Basi utele huo ndio unaotulaza usingizi. Adui wa akiba yetu si ukame. Ni unyevu, ni bei, na ni kuni.

Tuchukue bei kwanza. Viazi vya kata nzima vinakomaa kwa wakati mmoja, na malori yanakuja kwa wakati mmoja. Ukiwa huna unga ndani, huna mchele, na ada ya mtoto inadaiwa, utauza leo kwa bei atakayoitaja mnunuzi, tena kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo inalikataza na sote tunaendelea kuliona. Miezi michache baadaye unarudi sokoni kununua mahindi wakati bei imepanda. Umeuza rahisi, umenunua ghali. Sasa mwangalie jirani mwenye mahindi makavu, maharage safi na dagaa wa usipa kwenye ndoo yenye mfuniko. Huyo anaweza kumwambia mnunuzi, "Njoo wiki ijayo." Hana mtaji mkubwa kuliko wako. Tofauti ni kwamba watoto wake watakula leo bila yeye kuuza kitu.

Mbali na bei kuna jambo jingine, nalo linaumiza zaidi. Nyanda zetu za Juu Kusini ndizo zinazoilisha nchi. Lakini utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wakati watoto waliodumaa nchini ni asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano, Iringa walikuwa zaidi ya nusu, na Njombe na Rukwa karibu nusu. Mikoa ya mahindi, mikoa ya viazi, mikoa ya maharage! Udumavu una sababu nyingi, magonjwa na usafi wa maji yakiwemo. Ila moja ya sababu hizo iko ndani ya sahani: ugali mwingi, au viazi vitupu, siku baada ya siku, huku maharage yakisubiri mnunuzi.

Redio kuzungumza habari hizi si jambo jipya. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio na vikundi vya kusikiliza, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mwaka huohuo ikaundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Ukaja ukame, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine ya redio, Chakula ni Uhai. Wazee wetu wanaukumbuka pia unga wa mahindi ya njano ya msaada, watu wakaubatiza jina la Yanga. Waliokaa kwenye vikundi vile chini ya miti walisikia kwamba chakula ni mchanganyiko. Nami leo naongeza kwamba mchanganyiko huo lazima upikike.

Basi tuingie stooni kabla hatujaingia jikoni, maana chakula kilichoharibika hakuna mapishi yanayokiokoa.

Mahindi. Ukungu wetu na mvua zetu zinazochelewa kuondoka hufanya mahindi yaonekane makavu kwa nje huku ndani bado yana maji. Kipimo chake unacho jikoni. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu vijiko viwili au vitatu na mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, ifunge, itikise vizuri, halafu iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikibaki imetawanyika haishiki, unaweza kuhifadhi. Fanya kipimo hiki kabla ya kufunga gunia, kwa sababu mahindi mabichi yakifungwa huota kuvu, na kuvu wengine huacha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 huko Dodoma na Manyara, mikoa mikavu kuliko sisi. Sumu hiyo haifi kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga. Punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa, zitoe uzitupe. Usizipe kuku na usizipeleke kwenye pombe. Anayekunywa naye ana ini.

Kisha kuna dumuzi. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza kwetu Tabora kuelekea miaka ya 1980, na kwa jinsi anavyosaga mahindi wakulima wakamwita Scania, kama lori. Anahitaji hewa ili aishi. Ndiyo maana mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile iliyokuja nchini kwa jina la Kinga Njaa, inafanya kazi bila dawa: wadudu walio ndani wanaitumia hewa yote, kisha wanakufa. Teknolojia hiyo ilianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakitafuta njia ya kuokoa kunde za wakulima wadogo. Masharti yake ni mawili. Nafaka iwe imekauka kweli, na mfuko usifunguliwe kila siku. Kwa hiyo usiweke mahindi ya kula wiki hii humo. Ya wiki hii yawe kwenye ndoo, mfuko ubaki umefungwa.

Na usisage gunia zima kwa mara moja. Dona ina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, hivyo unga wake huchacha mapema kuliko sembe. Saga cha wiki mbili. Mahindi yenyewe ndiyo yanayojua kukaa.

Viazi. Hapa Isongole baridi tunayoilalamikia Juni na Julai ni mali. Viazi vya kula vinataka giza, hewa na baridi. Chagua visivyo na majeraha, viache vikauke ngozi bila kuvianika juani, vitandaze kwenye chumba chenye giza juu ya vichanja au majani makavu, na kila wiki toa kilichooza kabla hakijaambukiza vingine. Kiazi kikipata mwanga kinageuka kijani, na pamoja na kijani hicho huongezeka sumu inayoleta uchungu mdomoni na maumivu ya tumbo. Kuchemsha hakuiondoi. Mbegu, kinyume chake, tunaziweka kwenye mwanga hafifu ili zitoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Chumba cha mbegu na chumba cha kula visiwe kimoja, maana siku njaa ikiuma mtoto atachota mbegu.

Maharage. Ukivuna, chambua, peta, kausha, na andika mwezi kwenye gunia kwa mkaa. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu yanakuwa magumu, na utayachemsha hadi mkaa uishe. Ya zamani yaliwe kwanza, na gunia lisikae juu ya jiko wala chini ya bati kali. Karanga nazo zikae na maganda yake, umenye za wiki moja tu.

Mboga za majani je? Dodoma wanakausha mlenda, na wana sababu. Sisi tusipoteze siku kupigana na mawingu. Majani ya maboga, mchicha, chainizi na kabichi vinaweza kupatikana hapa karibu mwaka mzima. Akiba ya mboga yetu iwe shambani, kwa kupanda kidogokidogo kila baada ya wiki chache. Magimbi vilevile yanakaa salama ardhini bondeni kuliko stooni.

Sasa tuje kwenye moto, maana hapa ndipo fedha inapoteketea. Umewahi kumpelekea ndugu yako wa Kyela maharage ya huku, akakusifia kwamba yanaiva haraka, na wewe ukashangaa? Maharage ni yaleyale. Kilichobadilika ni maji. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Ufukweni huchemka kwa nyuzi 100. Tukuyu mjini, kwenye mita kama 1,600, huchemka kwa nyuzi 94 au 95, na Isongole tuko juu zaidi ya Tukuyu. Maji yanatokota, povu linapanda, lakini joto halifiki lile la pwani. Hata uongeze kuni hadi moto uguse dari, maji yaliyotokota hayapandi joto. Unachoma kuni kutengeneza mvuke.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kuloweka usiku kucha, kisha kuyamwaga yale maji ya kulowekea. Wengine hutia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo, kwa hiyo ukiloweka magadi huyahitaji. Na nyanya au ndimu zisubiri hadi maharage yameiva, kwa sababu uchachu wake huyafanya yakatae kulainika.

Ya pili ni kapu la kuhifadhi joto. Chukua kapu kubwa au boksi imara. Weka chini majani makavu ya migomba au pumba za mpunga ndani ya kiroba, unene wa shubiri moja. Zungushia nguo kuukuu au blanketi pembeni, ukiacha shimo la ukubwa wa sufuria yako. Shona mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha yaingize kapuni yakiwa bado yanatokota, funika, nenda shambani. Usifungue kuchungulia. Baada ya saa tatu au nne yatoe, yachemshe tena dakika 10 hadi 15 ndipo uyaunge. Nasisitiza ule mchemko wa mwanzo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kweli. Ukiyapasha uvuguvugu tu na kuyafunika, utaendesha. Na usilaze sufuria kapuni hadi asubuhi, kwa sababu ikipoa nusunusu inakuwa nyumba ya vijidudu.

Ya tatu ni jiko la presha. Presha hulazimisha maji kupita joto la kuchemka kwetu, kwa hiyo mtu wa mlimani analihitaji kuliko mtu wa Dar es Salaam. Lile la umeme hupika sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Ila jiko hilo bei yake ya kulinunua ndiyo kikwazo, na nitalirudia jambo hilo mwishoni.

Haya, kalamu tayari? Nakupa mapishi manne, yote kwa vitu vya stooni na kidogo cha shambani. Kipimo changu ni kikombe cha chai.

La kwanza, kande ya karanga. Mahindi yaliyokobolewa vikombe vitatu, maharage kikombe kimoja na nusu, karanga zilizotwangwa robo tatu ya kikombe, kitunguu kimoja, chumvi. Mahindi mawili kwa harage moja, shika kipimo hicho, kwa sababu kile ambacho mahindi yanakosa katika kujenga mwili, maharage yanacho, na kile maharage yanachokosa, mahindi yanacho. Loweka mahindi na maharage usiku. Asubuhi mwaga maji, weka mapya, chemsha dakika 40, ingiza kapuni. Ukirudi mchana, chemsha tena. Mahindi yakiwa bado yanakataa jino, yape moto zaidi kidogo. Mwisho koroga karanga kwenye maji ya vuguvugu, mimina, tia chumvi na kitunguu, acha itokote taratibu huku ukikoroga, maana karanga hushika chini. Ni chakula cha watu sita.

La pili, usipa wa karanga. Usipa wetu unatoka Ziwa Nyasa, unapanda kutoka Kyela ukiwa mkavu. Nunua uliokaushwa juu ya vichanja kama unaupata. Ule wa kwenye mchanga utakusaga meno. Vikombe viwili vinatosha. Toa vichwa ukipenda, osha kwa maji ya moto mara mbili, kausha kwenye sufuria bila mafuta hadi unukie. Weka pembeni. Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta ya alizeti vijiko viwili, tia nyanya tatu, zikiiva rudisha usipa, mimina karanga nusu kikombe zilizokorogwa kwa maji, acha uchemke dakika 10. Usipa unaliwa mzima na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo inayompa mtoto madini ya kujenga mifupa yake. Ugali wa dona, usipa, na majani ya maboga: hapo huna haja ya kumwonea wivu mwenye nyama.

La tatu, viazi vya kuponda na maharage. Viazi kumi vya wastani, maharage yaliyokwisha kuiva vikombe viwili, fungu moja la majani ya maboga yaliyokatwa laini. Chemsha viazi, vikikaribia kuiva tupia majani juu, funika dakika tano. Bakiza maji kidogo, mwaga maharage, chumvi, kitunguu kilichokaangwa, ponda vyote kwa mwiko. Wenzetu wa katikati ya Kenya wanakitambua kama mukimo, wao huongeza na mahindi mabichi. Utaona nimesema maharage yaliyokwisha kuiva. Ukipika maharage, pika ya milo miwili. Leo yanakuwa mboga ya ugali, kesho yanaingia kwenye viazi. Kwa baridi ya huku yatalala salama ukiyachemsha usiku kabla ya kulala, ukayachemsha tena kabla ya kuyatumia, lakini yasivuke siku ya pili.

La nne ni la viporo. Viazi vilivyobaki, ponda vikombe viwili, changanya na unga wa ngano kikombe kimoja, kitunguu, chumvi, pilipili ukipenda. Usitie maji hadi uone unga umekataa kushikana. Sukuma vipande vidogo, kaanga kwa mafuta ya kupaka tu. Hicho ni kifungua kinywa, hela ya maandazi imebaki mfukoni. Ugali uliolala ukate vipande, ukaange hadi ukauke nje, unywe na chai. Chai tunayo, tumezungukwa nayo. Wali wa Kyela ulale ukiwa umepoa haraka na umefunikwa, na ukiupasha upate moto kweli hadi katikati. Wali uliokaa na uvuguvugu kutwa nzima umewalaza wengi.

Neno moja juu ya uji wa watoto. Imekuwa sifa kusaga unga wenye nafaka saba, na karanga, na soya, na dagaa, vyote pamoja. Unga wa namna hiyo huchacha upesi kwa sababu ya mafuta ya karanga, na kikiingia kimoja chenye ukungu vyote vimeharibika. Saga ulezi, au ulezi na mahindi, basi. Karanga zikaange, zitwange, na utie kijiko wakati uji unaiva. Unga utakaa, na mtoto atapata kilekile.

Sasa narudi kwenye lile la gharama ya jiko na kuni, na hapa nina pendekezo. Mwaka 1951 Monica Wilson, mtaalamu wa mila kutoka Afrika Kusini aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, alitoa kitabu kiitwacho Good Company. Aliandika jinsi vijana wa rika moja walivyokaa pamoja na kula pamoja, wakitoka nyumba ya mama huyu kwenda ya mama yule, kila mama akiwalisha wote kwa zamu yake. Utaratibu ule wa makazi umeondoka, na sisemi urudi. Lakini hesabu yake ya jikoni bado ni sahihi. Sufuria kubwa moja ya maharage haili kuni mara tatu ya sufuria ndogo. Tena sufuria kubwa iliyojaa hutunza joto kapuni kuliko ndogo iliyo nusu.

Kwa hiyo nawaomba, mama zangu wa Isongole, nyumba tatu zilizopakana mjaribu zamu ya sufuria. Jumatatu mama wa kwanza anapika maharage ya nyumba zote tatu, kila mmoja akiwa ameleta vikombe vyake jana yake vikalowekwa pamoja. Jumatano ni zamu ya wa pili, Ijumaa ya wa tatu. Kila nyumba inawasha moto wa maharage mara moja kwa wiki na kula mara tatu, na ukibakiza ya mlo wa kesho, mara sita. Na zile nyumba tatu zikichanga, jiko la presha ambalo mmoja hawezi kulinunua linakuwa na bei inayosemeka. Vikundi vya kukopeshana mnavyo tayari. Mmechangia vyombo, mmechangia misiba, changieni na hili.

Nanyi akina baba, kazi yenu ni ndogo. Kabla lori la viazi halijafika msimu huu, kaeni na wenzenu mhesabu: mahindi ya miezi mingapi, maharage ya miezi mingapi, kwa watu wangapi. Kiasi hicho kitoke kwanza, kiingie stooni, kisha ndipo mnunuzi aitwe. Na akija na kamba za lumbesa, mwambieni apime kwa mizani. Mwenye chakula ndani ana muda wa kubishana.

Mimi naishia hapo. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumzia mbegu za viazi na namna ya kuzitunza.